Kugawa fanksheni ndefu ya malipo hatua kwa hatua bila kubadili mwenendo wa pesa

Fanksheni ya malipo huwa haizaliwi ndefu. Huanza na mistari kama thelathini: soma oda, wasiliana na lango la malipo (huduma ya nje inayomtoza mteja), andika matokeo, rudisha jibu. Baadaye zinakuja kuponi, kodi, sarafu ya pili, njia nyingine ya kulipa na barua pepe ya risiti, na kila kipya kinapachikwa pale penye nafasi. Ikifika mistari mia tatu, anayeifungua hawezi tena kujibu swali moja la msingi: pesa ya mteja inasogea kwenye mstari upi, na ni nini kimeshaandikwa kwenye hifadhidata kabla ya hapo?

Swali hilo ndilo kipimo cha usomekaji katika msimbo wa malipo. Urefu ni dalili tu. Mtu anaweza kuikata mistari mia tatu kuwa fanksheni ishirini fupi na bado msomaji asione mahali pesa inapotoka, tena safari hii akilazimika kuruka kati ya faili sita kuitafuta. Kwa hiyo hapa tunagawa kwa kufuata mpaka wa pesa: yanayotokea kabla ya kumtoza mteja, kutoza kwenyewe, na yanayotokea baada ya hapo. Mifano imeandikwa kwa Python, lakini hoja ni zilezile kwa PHP, Java au JavaScript.

Hatua ya 1: Weka alama kabla ya kukata

Fungua fanksheni nzima na uweke herufi pembeni ya kila mstari au kila fungu la mistari. H ni hesabu tupu isiyogusa chochote nje. S ni kusoma hifadhidata. A ni kuandika hifadhidata. N ni mawasiliano ya nje: lango la malipo, barua pepe, foleni ya ujumbe. Mstari wa N unaomtoza mteja uzungushie duara. Weka alama pia pale muamala wa hifadhidata (kundi la maandishi yanayohifadhiwa yote kwa pamoja au kufutwa yote) unapofunguliwa na pale unapofungwa.

Sasa soma herufi hizo kutoka juu kwenda chini. Mfuatano wenye afya ni S na H kwanza, kisha A, kisha N yenye duara, kisha A nyingine, na mwisho N za arifa. Fanksheni iliyokua kiholela huonyesha kitu kama S H N A H S N A N, na hapo unajua hesabu imezama katikati ya kuandika na kutoza.

Mambo mawili yatafute kwa makini. La kwanza ni N yenye duara isiyotanguliwa na A yoyote, maana yake mfumo unamtoza mteja kabla haujaandika popote kwamba unakusudia kumtoza. Seva ikizimika sekunde hiyo, pesa imeondoka na huna kumbukumbu ya kuanzia kuitafuta. La pili ni N yenye duara iliyo ndani ya muamala wa hifadhidata. Lango likichelewa sekunde kumi, kufuli za safu zile zinashikiliwa sekunde kumi. Na kitu chochote kikishindwa baada ya kutoza, muamala unarudishwa nyuma na rekodi ya malipo inafutika, ilhali benki haijui habari za hifadhidata yako.

Yote mawili ni kasoro za tabia, si za usomekaji. Ziandike pembeni. Usizirekebishe bado.

Hatua ya 2: Funga tabia ya sasa kwa majaribio

Jaribio linaloangalia thamani inayorudishwa peke yake halitoshi hapa. Katika malipo, mpangilio wa matukio ni sehemu ya matokeo. Tengeneza lango bandia linalorekodi kila ombi linalopokea, pamoja na kiasi, sarafu na ufunguo wa kutorudia (kitambulisho cha ombi, kinaelezwa hatua ya 6), kisha fanya hifadhidata bandia na mtuma barua bandia waandike kwenye orodha hiyohiyo. Jaribio linalinganisha orodha nzima:

```python
assert matukio == [
    "andika tozo INASUBIRI",
    "lango: 4500 USD ufunguo=k1",
    "andika tozo IMELIPWA",
    "barua: risiti",
]
```

Hali za kufunika ni hizi: malipo yanakubaliwa, kadi inakataliwa, lango halijibu hadi muda unaisha, mteja anabonyeza kitufe mara mbili, hifadhidata inashindwa baada ya lango kukubali, barua pepe inashindwa. Tatu za mwisho ndizo zinazokosekana katika miradi mingi, na ndizo zinazovunjika watu wanapohamisha mistari.

Ukikuta tabia yenye makosa, ifunge hivyohivyo ilivyo na uweke maoni juu ya jaribio. Ukirekebisha kosa na kupanga upya kwa pamoja, jaribio likigoma hutajua limegoma kwa sababu ipi kati ya hizo mbili.

Hatua ya 3: Ondoa ngazi za "kama"

Hii ni kazi ya nusu saa na inapunguza ukubwa wa tatizo mara moja. Masharti ya kukataa yageuze yatoke mapema: oda haipo, oda si ya mteja huyu, oda imeshalipwa, kiasi ni sifuri. Kila sharti linarudisha jibu lake au kutupa hitilafu yake papo hapo, na mstari mkuu unabaki ukutani kushoto badala ya kuwa umeingia ndani ngazi tano.

Tahadhari ni moja tu. Angalia kama tawi la "vinginevyo" la zamani lilikuwa linafanya kitu kabla ya kutoka, kama kufungua kufuli au kuhesabu majaribio yaliyoshindwa. Kutoka mapema kunaruka mistari hiyo kimyakimya.

Hatua ya 4: Toa hesabu

Mistari ya H ndiyo salama zaidi kuhamisha, kwa hiyo anza nayo. Kusanya jumla, punguzo, kodi na ada ndani ya fanksheni moja inayopokea data na kurudisha data, bila kusoma hifadhidata wala saa ya seva. Ikihitaji tarehe ya leo ili kujua kama kuponi ingali hai, ipewe kama kigezo.

Pesa ibebwe kama namba kamili ya kipimo kidogo cha sarafu, pamoja na sarafu yenyewe. Namba za desimali za kompyuta (float) hazifai: 0.1 + 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Wala usidhani kila sarafu inagawanyika kwa mia. Kwa kiwango cha ISO 4217, yeni ya Japani haina desimali na dinari ya Kuwait ina tatu. Fanksheni mpya iliyoandikwa `kiasi * 100` itamtoza mteja wa yeni mara mia ya deni lake.

Mtego mkubwa wa hatua hii ni kukadiria, yaani kugeuza sehemu ya senti kuwa senti kamili. Chukua bidhaa tatu za senti 33 na kodi ya asilimia 10. Ukikadiria kila bidhaa, kodi ni senti 3 mara tatu, jumla 9. Ukijumlisha kwanza, asilimia 10 ya 99 ni 9.9, yaani senti 10. Kuhamisha mstari wa kukadiria kutoka ndani ya kitanzi kwenda nje kunaonekana ni usafi tu, kumbe kumebadilisha ankara. Vilevile ukiwa unahamisha hesabu kutoka lugha moja kwenda nyingine, `round(2.5)` kwenye Python hutoa 2, ilhali kwenye PHP hutoa 3. Na `Math.round(-2.5)` ya JavaScript hutoa -2, ambapo `round(-2.5)` ya PHP hutoa -3. Kwa hiyo kurejesha fedha, ambako kiasi ni hasi, kunastahili majaribio yake peke yake.

Hatua ya 5: Fanya mpaka wa pesa uonekane

Hapa ndipo usomekaji unapopatikana au kupotea. Lengo ni fanksheni kuu inayosomeka kama maelezo ya mdomo:

```python
def lipia_oda(oda_id, mteja, njia):
    oda = pata_oda_inayolipika(oda_id, mteja)
    jumla = kokotoa_jumla(oda)
    tozo = andika_tozo(oda, jumla, njia)   # INASUBIRI, imeshahifadhiwa

    jibu = toza(tozo)                      # pesa inasogea hapa

    tozo = andika_matokeo(tozo, jibu)
    arifu(tozo)
    return tozo
```

Nafasi tupu juu na chini ya `toza` zimewekwa kwa makusudi. Anayepitia msimbo huu usiku kwa sababu kuna malalamiko ya mteja anaona papo hapo kilichopo kabla ya pesa kusogea na kilichopo baada. Usiingize `toza` ndani ya fanksheni nyingine yenye jina pana kama `kamilisha_oda`; mstari unaosogeza pesa ukae ngazi ya juu kabisa.

`andika_tozo` inafungua muamala wake wa hifadhidata na kuufunga. `andika_matokeo` vivyo hivyo. `toza` haiko ndani ya muamala wowote. Kosa linalotokea sana ni hili: fanksheni ya zamani ilikuwa na muamala mmoja mkubwa, mtu akatoa vipande vitatu na kuacha muamala ule ukizunguka vyote. Msimbo umekuwa mzuri kuutazama, ila rekodi ya INASUBIRI haijahifadhiwa kweli hadi mwisho, kwa hiyo hailindi chochote. Ikiwa alama zako za hatua ya 1 zilionyesha muamala wa aina hiyo, kuuvunja ni badiliko la tabia: lifanye peke yake, pamoja na jaribio lake.

Hatua ya 6: Ufunguo wa kutorudia usiachwe uhame

Ufunguo wa kutorudia ni kitambulisho unachotuma pamoja na ombi ili lango likiliona tena lirudishe jibu la kwanza badala ya kutoza upya. Tazama kinachotokea mtu anapotoa kipande bila kuangalia ufunguo unazaliwa wapi:

```python
def toza(tozo):
    for mara in range(3):
        try:
            return omba_lango(tozo)
        except MudaUmeisha:
            continue

def omba_lango(tozo):
    ufunguo = str(uuid4())
    return lango.toza(tozo.kiasi, tozo.sarafu, ufunguo)
```

Fanksheni zote mbili ni fupi na zina majina mazuri. Lakini kila jaribio la kurudia linazaa ufunguo mpya. Lango likitoza na jibu lake likapotea njiani, jaribio la pili ni tozo jipya kabisa, na mteja analipa mara mbili au tatu. Katika fanksheni ya zamani `uuid4`, inayozalisha kitambulisho kipya cha nasibu, ilikuwa juu ya kitanzi. Imeshuka ndani kwa sababu tu ilionekana "inahusiana" na ombi.

Kosa la pili limejificha mwishoni. Majaribio matatu yakiisha, `toza` inarudisha `None`. Anayeiita akiandika `if not jibu`, muda kuisha kunageuka kuwa "kadi imekataliwa", mteja anaambiwa ajaribu tena, na huenda pesa ya kwanza ilishatoka.

Toleo sahihi:

```python
def toza(tozo):
    for mara in range(3):
        try:
            return lango.toza(tozo.kiasi, tozo.sarafu, tozo.ufunguo)
        except MudaUmeisha:
            subiri(mara)
    return Jibu.haijulikani()
```

Ufunguo unazaliwa ndani ya `andika_tozo` na kuhifadhiwa kwenye safu ileile ya tozo, kwa hiyo hata seva ikiwaka upya unabaki uleule. Soma pia masharti ya lango lako. Stripe, kwa mfano, huweza kuufuta ufunguo ukishafikisha angalau saa 24, na hukataa ombi lenye ufunguo uleule lakini vigezo tofauti. Sharti hilo la pili lina maana kwako: fanksheni mpya ikiongeza saa ya sasa kwenye maelezo ya ombi, kila jaribio la kurudia litakataliwa.

Majibu ya lango, basi, ni matatu: imekubaliwa, imekataliwa, haijulikani. Yape aina yake, usiyabebe kwa ndiyo na hapana. Tozo la HAIJULIKANI halirudishwi kwa mteja kama kosa. Mwambie malipo yanathibitishwa, kisha kazi ya nyuma iliulize lango hali ya tozo hilo. Vitalu vya `except Exception` vilivyotapakaa kwenye fanksheni ya zamani mara nyingi vilikuwa vinaficha jibu hili la tatu, kwa hiyo kila kimoja kipitie na ujiulize kinameza nini.

Hatua ya 7: Mlango mmoja wa kuandika matokeo

Lango hutoa habari kwa njia mbili: jibu la moja kwa moja, na ujumbe wa webhuku, yaani ombi ambalo lango lenyewe hulituma kwenye seva yako, unaokuja baadaye, na wakati mwingine kabla jibu halijafika. Ujumbe uleule unaweza kuja mara mbili, na mpangilio hauaminiki. Ukikuta msimbo wa "weka imelipwa, tuma risiti, punguza bidhaa ghalani" umenakiliwa sehemu mbili, huo ndio urudufu wa kwanza kuuondoa. Njia zote mbili ziite `andika_matokeo`, na ndani yake hifadhidata iamue nani amewahi:

```sql
UPDATE tozo SET hali = 'IMELIPWA'
WHERE id = :id AND hali IN ('INASUBIRI', 'HAIJULIKANI')
```

Idadi ya safu zilizobadilika ikiwa 0, mwingine ameshafanya kazi hiyo: usitume risiti ya pili, usipunguze bidhaa tena. Ukaguzi wa `if tozo.hali == ...` kwenye Python kabla ya kuandika hautoshi, kwani maombi mawili yanaweza kusoma INASUBIRI kwa wakati mmoja.

Kuhusu saini ya webhuku, inayothibitisha kwamba ujumbe umetoka kwa lango kweli, malango mengi huikokotoa kwa HMAC-SHA256 juu ya baiti za mwili wa ujumbe kama zilivyofika. Ukitoa fanksheni ya `thibitisha_saini` na kuipa JSON iliyokwisha kusomwa kisha ikaandikwa upya, nafasi au mpangilio wa funguo hubadilika na saini haitalingana kamwe. Ipe baiti ghafi. Ulinganisho ufanywe kwa `hmac.compare_digest`, au `hash_equals` kwenye PHP, kwa sababu `==` ya kawaida inaweza kuvujisha habari kupitia muda inaochukua.

Hatua ya 8: Vigezo na logi

Fanksheni ndogo isipewe kitu chote cha `ombi` kwa sababu tu ni rahisi. Ikihitaji kiasi na sarafu, ipe kiasi na sarafu. Faida ya usomaji ni dhahiri, ila ipo sababu nzito zaidi: timu nyingi huwa na kipambo (decorator) kinachoandika kwenye logi vigezo vya kila fanksheni. Ukigawa fanksheni moja kuwa nane zinazobeba `ombi`, namba ya kadi inaweza kuandikwa kwenye logi mara nane. PCI DSS, kiwango cha usalama wa data za kadi, hairuhusu namba ya siri ya nyuma ya kadi (CVV) kuhifadhiwa baada ya uidhinishaji, hata ikiwa imesimbwa, na logi ni hifadhi. Kwenye logi andika kitambulisho cha tozo, hali, na ikibidi tarakimu nne za mwisho.

Epuka pia kigezo cha kweli/uongo. `toza(tozo, True)` haimwambii msomaji chochote. Ziwe fanksheni mbili.

Hatua ya 9: Peleka vipande vidogo

Kila hatua iwe komiti yake (commit ya Git), na kuhamisha mistari kusichanganywe na kuibadilisha. Mkaguzi akitumia `git diff --color-moved`, mistari iliyohamishwa tu inapakwa rangi tofauti, na jicho lake linabaki kwa ile michache iliyobadilika kweli. Komiti za hatua ya 5 hadi 7 zipelekwe kwenye mazingira halisi moja moja, si zote siku moja.

Baada ya kila moja, linganisha orodha ya tozo zako na ripoti ya lango ya siku hiyo. Tafuta vitu vitatu: malipo yaliyo kwa lango lakini hayapo kwako, oda moja yenye malipo mawili yaliyokubaliwa, na tozo zilizokaa INASUBIRI kupita muda wa kawaida. Majaribio yanaweza kupita yote na bado la tatu likajitokeza, hasa pale `andika_matokeo` inapotupa hitilafu inayomezwa na kitalu cha `except` cha ngazi ya juu.

Pa kuacha

Fanksheni ya mistari arobaini inayotafsiri misimbo ya makosa ya lango kuwa majibu yako inaweza kubaki hivyo. Ni ndefu kwa sababu orodha ni ndefu, na inasomeka kutoka juu hadi chini bila kuruka. Ukijikuta unatoa kipande na jina pekee linalokuja ni `shughulikia_2` au `msaidizi_wa_malipo`, au kipande kinadai vigezo saba ili kifanye kazi, kirudishe kilikotoka. Mpaka ulioukata hapo haupo kwenye malipo yenyewe.